Kikuku cha Mrija wa Dripu

Tabora ya miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kutundika dripu ilikuwa kazi ya mkono wangu. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake, na hakuna mwingine wodini aliyeweza kuupata mshipa wa mgonjwa aliyekaukiwa na maji kunishinda mimi. Chupa zilikuwa za kioo. Mipira ya kupitishia maji ilikuwa myekundu, mizito, na sindano za chuma tulizinoa kwenye jiwe, kisha tukazichemsha pamoja na mipira yake kila asubuhi. Mpira ukipasuka ulikatwa pale palipopasuka na kurudishwa kazini. Niliijua yote, upi unavuja na upi una kiburi.

Kisha zikaja seti za plastiki. Kila moja ilikuwa ndani ya mfuko wake uliofungwa: mrija mwembamba unaoonyesha maji yakipita, sindano iliyonolewa kiwandani, na kikopo chenye mistari ambamo dawa inachanganywa na maji ya dripu kabla ya kumshukia mgonjwa. Unaitumia kwa mgonjwa mmoja, basi, unatupa. Ilitakiwa muuguzi mmoja aende Dar es Salaam kufundishwa, nami sikuwa na shaka muuguzi huyo ni nani. Nilikwisha kushonesha sare mpya.

Akapelekwa mwenzangu. Msichana niliyempokea mwenyewe wodini, nikamfundisha hata kukunja pembe za shuka, binti wa familia ya Kiarabu yenye duka la vitambaa pale mjini. Nilimsindikiza stesheni, nikampungia mkono, na kwa wivu njia ya kurudi nikaiona ndefu. Aliporudi, kila neno lake la pili lilikuwa "kule Dar." Kule Dar wanagonga mrija hivi. Kule Dar wanahesabu matone vile.

Metroni wetu hakuweza kabisa kuvumilia habari ya kutupa. Kila siku redio inatuhimiza kujitegemea, watu wanalima kwa jembe la mkono, halafu sisi tutupe kitu kizima? Akaagiza seti zilizokwisha kutumika zichemshwe kwenye sufuria letu la kila siku. Mwenzangu alimweleza kwa adabu kwamba hazichemshwi. Mimi nilisimama upande wa metroni, tena kwa furaha. Tulipofunua sufuria, vikopo vilikuwa vimejikunja na mirija imegandamana, myeupe kama tambi zilizopitiliza kuiva. Metroni aliangalia, akafunika, akamkabidhi mwenzangu ufunguo wa kabati la seti mpya. Mimi nikabaki na mipira yangu.

Hata hivyo zilizotumika hazikufika kwenye shimo la taka. Ndugu wa wagonjwa waliziomba, kwa sababu ule mrija ukioshwa vizuri ni kamba ya kufungia mzigo kwenye baiskeli, na mwaka ule mpira wa baiskeli ulikuwa haupatikani madukani.

Masika yale mama yangu aliletwa kwa treni kutoka Urambo, amelazwa kwenye mkeka, kaka zangu wamemshika huku na huku. Aliugua katikati ya mavuno ya tumbaku, akanyamaza mpaka malaria ikampanda kichwani. Kila kidonge alikitapika. Daktari akaandika kwinini kwa dripu, nami nikakimbia kuchukua sinia langu.

Niliporudi, mwenzangu alikuwa ameinama kitandani. "Mwangaluka, mayu," alikuwa anamwamkia, Kinyamwezi safi alichokipata kwa bibi yake mzaa mama. Changu kilikuwa kimechakaa kwa kukulia bweni la misheni. Mama alizoea kunicheka kila nilipokizungumza. Siku hiyo mama, ambaye tangu asubuhi hakuwa amemjibu mtu, alifumbua macho akamwitikia.

Nikamwambia, "Mama, ni mimi mwanao. Nitakutundikia mwenyewe."

Aliitazama mipira yangu myekundu kwenye sinia, akautazama ule mrija mpya. Akasema, "Mwache huyu anichome. Wewe nishike mkono."

Kushika mkono! Kazi ya wageni wa jioni, wanaokuja na uji kwenye chupa ya chai. Nilimshika. Nikamwangalia mwenzangu akiupata mshipa mara moja tu, akichanganya kwinini kwenye kikopo, akiugonga mrija kwa ukucha mpaka mapovu yakatoka, matone yakaanza kushuka. Nilitafuta kosa kwa macho yangu yote, nisilione. Nilitaka mama apone. Nilitaka pia, na nilitaka sana, apone kwa mpira wangu.

Alipona. Homa ilipotoka wakawa wanaongea wao wawili kila mapumziko, Kinyamwezi kitupu, wanacheka, nami napita na beseni la mkojo naishia kuambulia neno hapa, neno pale. Alipokaribia kuruhusiwa aliomba mrija wake. Mwenzangu akamwoshea kwa dawa, akampa.

Mkononi mama alivaa udodi wa shaba, ule waya mwembamba unaosokotwa kuzunguka singa za mkia wa ng'ombe. Aliachiwa na mama yake. Waya wenyewe uliletwa na babu yao wa zamani, aliyekwenda pwani na msafara, pembe ya ndovu begani, akarudi na huo. Sasa mama akakaa kitandani akauchana mrija nyuzi nyembamba kwa wembe, akazisokota vilevile, kwa mkono uleule wa udodi. Akaniita. Akanizungushia kwenye kifundo cha mkono, akafunga fundo, akakata. Nikafurahi kama mtoto.

Kisha akakivua kikuku hicho, akamwita mwenzangu, akamvisha yeye. Akasema alinipima mimi kwa sababu mikono yetu inalingana.

"Na mimi, mama?"

"Wewe udodi huu ni wako siku nikifa. Huyu kwangu atarithi nini?"

Nilikwenda kuchemsha mipira.

Miaka ilipita kabla hatujamzika mama kule kijijini. Shangazi zangu walinivisha udodi mbele ya wanawake wote, wakaupaka mafuta, nao wakasema umempata mwenyewe. Mwenzangu alikuja kwa treni ya asubuhi. Wakati huo alikuwa yeye ndiye metroni, na alikaa mkekani miongoni mwa wafiwa, kile kikuku mkononi, kimekuwa cha manjano kwa uzee. Sikusikia sala hata moja. Nilikuwa nakitazama.

Watu walipotawanyika kwenda kula nilimvuta nyuma ya banda la kukaushia tumbaku. Nikauvua udodi, nikamnyooshea, nikamwomba tubadilishane.

Alikuwa binti wa dukani, alijua ninampa kitu cha thamani gani. Aliutazama, kisha akakifunika kikuku chake kwa kiganja.

"Dada, huo ulisokotwa kabla yenu nyote," akasema. "Hiki alinisokotea mimi."

Nikaurudisha udodi mkononi. Ulinienea vizuri tu. Na kile cha plastiki kingenienea, maana kilipimwa kwenye mkono wangu.