Siku Niliyomshusha Mama Mtumbwini

Kutoka Manono mpaka Kalemie nilisukuma baiskeli yenye mzigo wa mawese kwa siku kumi na moja. Mchanga haukuruhusu kupanda, kwa hiyo nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri juu ya kazi. Shuleni tulifundishwa kwamba binadamu alianza na jiwe, akapata chuma, kisha mashini, kila kizazi kikipanda ngazi. Kwetu ngazi iliteremka. Baba alichimba madini ya bati akiendesha mashini. Mimi nilichimba bati lile lile kwa nyundo na karai.

Kalemie, kando ya ziwa, nilipokewa na fundi wa mitumbwi ya mbao, mzee tuliyemwita Papa. Alinifundisha kukalafati: kujaza pamba iliyolowekwa mawese katikati ya mbao na kuigonga kwa patasi butu mpaka maji yakose njia. Patasi ilitengenezwa kwa chuma cha reli, lakini namna ya kugonga, alisema, ilikuwa ya babu yake. Sharti nalo lilikuwa la babu: siku ya kwanza majini, aliyeziba huingia pamoja na mwenye mtumbwi, na kopo la kutolea maji huachwa ufukoni.

Mtumbwi wangu wa kwanza ulikuwa wa mama mmoja muuza ndakala, dagaa wa ziwani. Jioni ya mwisho mgongo uliniuma, na chini ya benchi la nyuma nilisukuma pamba kwa kidole tu. Mgodini nilizoea hivyo. Shimo likikuchosha, unalihama.

Asubuhi mama alikuja na kitenge kipya, akaketi benchi hilo hilo, nami nikaingia mbele yake.

"Weye muntu wa mashimo," akanitania, "unajua na kuziba?"

"Tutaona," Papa akasema. "Mama, unajua kuogelea?"

"Mie? Hata beseni naliogopa!"

Watu wakacheka, wakaanza kusukuma. Maji yalipogusa mbao, nikasema, "Mama, shuka."

"Nishuke? Njo nini tena?"

"Hapo ulipokaa sikugonga."

Kicheko kikakatika. Papa akapitisha ncha ya kisu chini ya benchi, pamba ikakifuata yote.

"Kama hapa njo hivi, kwingine muntu atajuaje?" akauliza. "Ng'oa yote."

Siku sita niling'oa na kugonga upya. Mama alikuja kila asubuhi, akakaa juu ya ndoo, akanitazama bila utani. Siku ya saba tulikwenda mpaka maji yalipokuwa meusi, tukarudi. Mama alipitisha kiganja chini ya benchi, akamwonyesha Papa. Kilikuwa na mafuta tu.

Mtumbwi uliofuata Papa aliniachia niuzibe peke yangu. Hakuukagua hata mara moja. Niligonga kila ufa. Ulipokwisha kuelea na kurudi mkavu, nikamuaga Papa.

"Kazi imekuchosha?"

"Hapana, Papa. Naogopa siku itakaponichosha nawe hukukagua."

Alinipa mkono wake wenye mafuta, akarudi kupima ubao. Gari-moshi la Kabalo liliondoka nami mchana huo, na sijarudi tena.