Kisima cha Jirani

Sauti ya mtoto akiimba huku anaosha vyombo ndiyo iliyonirudisha nyuma. Nilikuwa nakaanga samaki uani kwangu Kipawa, na binti yangu Doreen, mwenye miaka tisa, akawa anaimba viungo vya mwili ambavyo mie hata kwa daktari navionyesha kwa kidole tu.

Nilibaki na mwiko hewani.

"Umeutoa wapi huo?"

"Kwenye simu, mama. Umechukua tuzo ya wimbo bora," akajibu, bila wasiwasi wowote.

Nikamwambia kwamba enzi zetu wimbo haukupewa tuzo kama hauna adabu. Kisha nikaukumbuka wa kwetu.

Nilikuwa na umri kama wake, tukiishi Mwananyamala. Bendi moja ya dansi ilikuwa imeshinda tuzo mwaka ule, na redio ya baba, ambayo betri zake tulizianika juani zipate nguvu, iliupiga wimbo wao asubuhi na jioni. Magitaa yalitiririka taratibu, tarumbeta zikaingia kwa upole kama wageni wanaobisha hodi. *Kisima cha jirani, maji yake matamu, nachota mchana mwenyewe hayupo.* Watoto wa mtaa mzima tuliuimba tukiruka kamba, na hakuna mtu mzima aliyetukemea.

Siku ya komunyo yangu ya kwanza nyumba ilijaa harufu ya pilau na mafuta ya taa. Bibi alikuwa amekuja kutoka Bukoba. Katekista alipewa kiti chenye mto. Pembeni ya mlango alikaa Mama Salome, jirani yetu mwenye bomba uani, ambaye mumewe aliendesha malori ya kwenda Tunduma, safari za siku nyingi.

Bibi akaniomba niwaimbie. Nadhani alitarajia wimbo wa kanisani. Mie, na gauni langu jeupe, nikawapa kisima chote, nikikata kiuno, mikono juu. Hata katekista alikuwa anagonga mguu.

"Nani kakufundisha vizuri hivi?" Bibi akauliza.

"Baba," nikasema kwa fahari. "Anauimbaga akienda kuchota maji kwa Mama Salome."

Mguu wa katekista ukasimama. Baba akaitazama chupa yake ya soda kana kwamba ina maandishi marefu. Mama Salome akaweka sahani chini, akajifunga khanga upya, akatoka bila kuaga. Mama aliendelea kupakua pilau, lakini nilisikia upawa ukigonga sufuria, ukigonga tena. Sikujua nimekosea nini. Nikaamua kwamba nimemwaibisha baba kwa kusema mbele za watu kuwa mwanamume mzima anabeba ndoo.

Jumatatu yake mama akaanza kwenda bombani mwenyewe. Niliamini mama anaadhibiwa kwa kosa langu, na nilimwonea huruma mpaka nilipokua nikauelewa ule wimbo.

Baada ya kuusikia ule wimbo wa Doreen nilikwenda kumsalimia mama. Nikampa shikamoo, nikakaa naye akichambua mchele, nikamweleza jinsi nyimbo za leo zinavyosema kila kitu wazi, na kwamba za kwetu zilificha vizuri kiasi kwamba mtoto aliweza kulibeba neno zito bila kujua uzito wake. Nikamwomba radhi kwa kumfundisha maana ya ule wimbo mbele za wageni.

Hakuinua macho.

"Maana yake niliijua, mwanangu. Ule wimbo tuliucheza sana mie na baba yako. Nilichokuwa sijui ni kisima chenyewe kiko wapi."

Kumbe mie ndiye niliyemwonyesha. Nikamuuliza kwa nini basi alikwenda kuchota pale pale.

"Ili baba yako asiende," akasema, akatupa kijiwe cha mchele. "Kila siku nilibisha hodi, nikajaza ndoo mbili, nikamshukuru Mama Salome. Mwaka mzima. Hakuwahi kunitazama usoni."