Mbogo wa Kamango

Nilikuwa sajini, mwalimu wa shabaha kwenye kambi moja pembeni ya Beni. Kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kuwalaza watu chini na kuwafundisha kupumua. Wengi hudhani bunduki ni jicho, lakini sehemu kubwa ni pumzi. Unavuta hewa, unaitoa nusu, unatulia hapo katikati, na kidole kinavuta polepole mpaka bunduki ilie kama vile hukuitarajia. Jicho linabaki kwenye ncha ya mbele ya bunduki, ile tunayoiita guidon, na shabaha yenyewe inaachwa iwe na ukungu kidogo. Niliyasema hayo kila asubuhi kwa makuruta waliotoka Kasai, Kisangani na Équateur. Kwanza walishangaa kufundishwa na mwanamke, kisha wakazoea.

Mimi ni wa Butembo, mtoto wa watu wa kanisa. Nilipoingia jeshi mama hakunikatalia. Aliuliza tu kama nitapewa Jumapili. Nilikuwa nimeshafyatua mbele ya adui mara sita au saba, lakini siwezi kusema kama nilimpiga mtu. Vita vya huku kwetu unapiga majani. Majani yanatikisika, yananyamaza, mnarudi kambini. Katika miaka hiyo nilikuwa nimeacha kusikia uchungu. Habari ya kifo ilifika, wenzangu wakakaa chini wakishika vichwa, mimi nikaenda kuangalia kama maharage yameiva.

Ndipo chef, mkuu wa kijiji kimoja cha upande wa Kamango, karibu na mpaka wa Uganda, alipompigia simu komanda wetu. Mbogo dume, mzee, aliyefukuzwa na kundi lake, alikuwa ametoka mbugani na kuingia mashamba ya kakao. Siku tatu watu hawakuenda shambani. Siku ya nne mama mmoja akaenda kuchuma kakao zake kabla hazijaoza. Yule mnyama akamchoma pembe kwenye paja na kumtupa.

Komanda aliniita bureau, ofisini kwake.

"Sergent, wewe unafundisha batu kupiga. Enda upige."

"Mbogo, mon commandant?"

"Mbogo. Batu ya mbuga balishakubali."

Alinipa bunduki ndefu ya zamani, yenye risasi nzito kuliko zile zetu za kila siku. Nikapanda pikipiki.

Aliyenipokea kule alikuwa mume wa yule mama. Mzee mwembamba, amevaa buti za mvua na shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Ujanani alikuwa mwindaji, mwenye bunduki ya kalibre douze na karatasi ya ruhusa. Vita vilipoanza silaha za raia zilikusanywa, na yake ikaenda. Tangu hapo alikuwa mtu wa kakao tu. Mke wake alikuwa amelazwa kwenye kituo cha afya. Mzee aliitazama bunduki yangu.

"Mama chef, ulishaka kuua mbogo?"

"Hapana, Papa."

"Na nyama gani ulishaka kuua?"

"Hakuna. Niko napiga karatasi."

Hakucheka. Alisema tu, "Basi tutaenda wawili."

Tuliondoka kulipopambazuka. Alibeba majivu kwenye kitambaa, na kila baada ya hatua chache aliyapeperusha kidogo kuona upepo unaenda wapi. Mara mbili tulirudi nyuma na kuzunguka kwa sababu ya majivu hayo. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya migomba tulipomwona. Alisimama mwisho wa shamba lililoachwa, kama hatua themanini kutoka kwetu, tope limemkaukia mgongoni. Nilitaka kulala chini kama ninavyofundisha, lakini majani yalikuwa marefu, nisingeona kitu. Nikapiga goti na kuegemeza mkono kwenye shina la kakao.

Mzee alininong'oneza sikioni, "Hapana kuangalia pembe. Ngoja igeuke. Ukiona muguu ya mbele, fuata ile muguu, panda nayo kidogo, simama pale."

Mbogo akageuka. Nikavuta hewa, nikaitoa nusu. Guidon ilikuwa safi, mnyama alikuwa na ukungu, kidole kikafanya kazi yake. Bunduki ikalia. Mbogo akaruka mara moja, akaingia kichakani, na matawi yakavunjika mpaka mbali. Nikasimama nimfuate. Mzee akanishika mshipi.

"Kaa."

"Imeumia, Papa."

"Ndiyo. Na iko natungojea. Kaa."

Tukakaa chini. Akatoa viazi vitamu vya kuchemsha mfukoni, akanipa kimoja. Tulikula bila haraka. Alikuwa akisikiliza upande wa kichaka muda wote, hata alipokuwa anamenya.

"Kwa vita," akasema, "mukishapiga, munaendaka kuangalia?"

"Hapana. Hatuendake."

"Sasa munajuaka namna gani?"

"Hatujuake, Papa."

Akaitikia kwa kichwa na kuendelea kumenya kiazi chake. Nilikuwa nimeulizwa maswali mengi na wakubwa wangu, lakini hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nililijibu kama mtu aliyeulizwa ni saa ngapi.

Baadaye tukafuata damu. Ilikuwa nyeusi. Mzee aliigusa kwenye jani akasema, "Ulipiga nyuma." Tulimkuta amelala, kichwa amekielekeza kwenye njia tuliyokuja nayo, vilevile mzee alivyosema. Alikuwa bado hai. Alijaribu kuinuka, miguu ya mbele ikakubali, ya nyuma ikakataa. Alinitazama, nami nikampiga shingoni kutoka hatua kumi. Safari hii hakuruka.

Mzee alingoja, akamgusa jicho kwa kijiti kirefu, kisha akasogea. Akatafuta tundu la kwanza ubavuni, akaweka vidole viwili mbele yake.

"Ungepiga hapa, ingeanguka palepale."

Nilitazama lile tundu. Nilikuwa nimefundisha watu wengi sana kulitoboa, na lile ndilo la kwanza kuliona kwenye nyama. Nilisubiri nisikie kitu moyoni. Nilisikia nzi.

Mzee akavua kofia, akaomba kwa Kinande, lugha yetu sote wawili, maneno machache. Watu wa kijiji wakaja na mapanga na mabeseni. Mimi nilipewa paja zima. Niliwaachia wanawake waliokuwa wakiwapikia wagonjwa kwenye kituo cha afya.

Huko ndiko nilikomwona mke wake. Alilala kwenye godoro jembamba, mguu umefungwa bandeji kuanzia nyonga. Alimuuliza mume wake, si mimi.

"Ilianguka?"

"Ilianguka."

"Iliteseka?"

Mzee akaniangalia kidogo. "Hapana. Risasi moja tu."

Mama akafumba macho. "Wasingya, mwanangu," akaniambia, akinishukuru kwa lugha yetu. Nilimwambia pole, nikatoka nje kutafuta pikipiki.

Siku kumi na moja baadaye nilikuwa uwanjani na makuruta. Simu ikalia. Alikuwa mzee. Kidonda cha mke wake kilikuwa kimeharibika ndani, na walipokuwa wakimleta Beni alikata roho njiani.

"Mama alishaenda," akasema.

"Pole sana, Papa."

Nikaweka simu mfukoni, nikarudi kwa kuruta aliyekuwa amelala mbele yangu, nikamsogeza kiwiko. Nikamwambia atoe pumzi nusu. Nikamwambia tena. Mara ya nne akageuza kichwa.

"Sergent, mulishasema hiyo."

Komanda alinipa ruhusa ya siku mbili. Nilienda matanga bila sare, nimevaa kitenge. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti vya kanisa, wanawake chini kwenye mikeka. Mzee aliniita niketi karibu naye, ingawa hapo palikuwa mahali pa wanaume. Mchungaji alipomaliza, watu wakaanza kuuliza habari ya mbogo, naye akawaeleza yote, upepo, kichaka, mpaka mwisho.

"Risasi mbili," akasema. "Ya kwanza ilikosea. Nilimudanganya mama sababu alikuwa na maumivu. Huyu binti aliingia kichakani kumaliza. Hakuiacha."

Watu wakanitazama. Uso wangu ukawaka moto mpaka masikioni. Ilikuwa haya, haya ya kawaida kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, na nilishangaa kuitambua. Sikulia. Nikainuka na kwenda nyuma ya nyumba walikokuwa wanapika.

Mama mmoja jirani hakuniuliza mimi ni nani. Alinisukumia sufuria kubwa yenye ukoko wa bugali na kipande cha gunia, nami nikainama nikaisugua.