Kilo Kumi na Nne za Hesabu

Wakati wa vita niliamini kabisa kwamba mahakamani vitabu vya hesabu hupimwa kwenye mizani. Fundi cherehani mmoja wa Nyamitaba aliniapia: kwa kila kilo ya vitabu, hakimu anakupa mshahara wa miezi miwili. Nami, mwenye diploma ya masomo ya jioni, mtu wa kujumlisha hesabu za Kongo nzima huku natafuna muhindi, nikalimeza neno lote. Nimezaliwa Walikale, ambako mawe ya madini yanapimwa, maharagwe yanapimwa. Haki nayo isipimwe kwa nini?

Bosi wangu, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka pale Nyamitaba, nilikuwa nimemwandikia hesabu miaka miwili bila malipo. Nilipomdai, alicheka mpaka akashika tumbo.

"Kazi gani, kaka? Kuandika-andika tu! Ata mutoto wangu anajua."

Na mke wangu vita vilikuwa vimemsukuma hadi kambi ya Kashuga. Alilala chini ya shitingi, turubai la plastiki lililotoboka, akiwa na mimba ya miezi minane, mvua ikimnyeshea mgongoni. Nilitaka pesa ya kumpangia chumba, asije akazalia kwenye matope. Usingizi ulinihama.

Rejista, vile vitabu vya hesabu za duka, zilikuwa kwangu, maana kazi niliifanyia nyumbani. Nikazipima dukani kwa muuza maharagwe: kilo kumi na nne! Nikazifunga mgongoni pamoja na mkataba wangu wa kazi, nikashika njia ya mahakamani kwa miguu. Bariyeri, vizuizi vya barabarani, zilikuwa nyingi kuliko miti. Kwenye ile ya mwisho, wenye bunduki walikuwa wanapuliza kuni mbichi.

"Weye, leta karatasi ya kuwashia moto!"

"Bakubwa, nitawapa, musipasue rejista."

Nikawachagulia ile nyepesi kuliko zote: mkataba, ukurasa mmoja wenye sahihi ya bosi. Kuutoa kusingepunguza hata gramu. Nilijiona mjanja wa dunia nzima, na mikono nikaipasha joto kwenye moto huohuo.

Mahakamani nilimkuta karani, mama mmoja wa makamo. Nikatua mzigo mezani, nikamuuliza mizani iko wapi. Hakucheka hata kidogo. Alifungua rejista moja, akaifunga taratibu.

"Papa, hapa hatupimake karatasi. Hizi zinaonesha mali ya bosi yako, hazioneshe alikuahidi nini. Ungeleta tu mukataba, ata ukurasa mumoja wenye sahihi yake, njo ingetosha."