Ampia Moja na Nusu

Sisi tuliokulia Tabora kabla nguzo za umeme hazijafika vijijini, umeme tuliujua kwa betri za redio. Zikichoka hazikutupwa. Baba alizianika juu ya bati, kando ya michembe ya mama, vile viazi vitamu vya kukausha, na jioni redio ilikohoa kidogo kisha ikasoma taarifa ya habari. "Ziacheni, bado zinaota jua," alitukanya tulipozichezea. Watoto wa leo, simu ikibaki asilimia ishirini, wanapekua nyumba nzima kutafuta chaja kama waliopewa habari ya msiba.

Basi nilipoingia sekondari, shule ya bweni upande wa Kipalapala, nilidhani umeme naujua. Mwalimu wa fizikia alitufundisha kwamba mkondo wa umeme hupimwa kwa ampia, na ukiwa mdogo, kwa miliampia. Ampia moja ni miliampia elfu moja. Ukitoka ampia kwenda miliampia, zidisha kwa elfu. Ukirudi, gawanya kwa elfu. Tuliikariri darasa zima kwa sauti moja. Ameta, yaani kifaa cha kupimia huo mkondo, shule ilikuwa nayo moja tu. Ilikuwa na mshale mwembamba, ikafungwa kabatini ndani ya kitambaa, na haikuweza kubeba zaidi ya miliampia mia tano.

Dawati nilikaa na Nyamizi, binti wa mrina asali wa Sikonge. Yeye alikuwa na mikono mahiri, mimi nilisifiwa kwa hesabu, kwa hiyo mimi nilikokotoa na yeye akaunganisha. Asali aliyokuja nayo kutoka kwao tulichovya michembe pamoja, tukalambana vidole kwa kicheko. Nilimpenda sana.

Siku ya jaribio mwalimu alileta betri mpya kutoka dukani. Aliandika ubaoni kwamba mkondo utakuwa ampia moja na nusu, akataka kila dawati lihakikishe kwanza kama ameta itaweza. Zamu yetu ilikuwa ya kwanza. Mimi nikazidisha kwa mia, kama mtu anayebadili mita kuwa sentimita, nikapata miliampia mia moja na hamsini. Wala sikushtuka, maana betri nilizozijua maishani zilikuwa zile za kwenye bati, hazina nguvu ya kudhuru kitu. Nikamwambia Nyamizi aunganishe. Jibu sahihi lilikuwa elfu moja na mia tano. Mshale uliruka ukapinda, na harufu ya kuungua ikatanda darasani.

Mwalimu aliuliza ni nani aliyeunganisha.

"Ni mimi, mwalimu," alisema Nyamizi.

Kisha akanitazama. Mimi nikainamia daftari, nikaliziba jibu langu kwa kiganja.

Sheria ya shule ilikuwa kwamba aliyeharibu kifaa anakwenda kumleta mzazi. Kesho yake asubuhi alipanda lori la tumbaku kwenda Sikonge. Tulisikia kwamba baba yake alisema, kama shule imemrudisha binti, kazi za nyumbani zipo. Hakurudi tena. Mimi nilimaliza, nikafaulu, nikapongezwa.

Mwaka jana nilimkuta sokoni mjini Tabora akiuza asali. Tulikumbatiana, tukaulizana habari za watoto. Mwishowe nilimwambia kwamba hesabu ya siku ile ilikuwa yangu. Alifuta mikono yake kwenye khanga taratibu.

"Nilijua, mwenzangu. Siku ile nilingoja useme."

Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni akanisimulia, huku anakula, kwamba wamevunja kifaa cha maabara na yeye amenyoosha mkono palepale akasema kosa ni lake. Alisimulia bila hata kuinamisha macho, nikakaribia kumkemea. Watu wa rika langu tunapenda kusema kwamba watoto wa siku hizi hawana haya. Sisi haya tulikuwa nayo tele, na Nyamizi alipanda lori peke yake.