Betri ya Foni

Jirani yetu wa foni, ile redio ya kuzungumza na vijiji, hajui salamu. Ukiingia kwake hutazama betri kwanza, halafu wewe, na unaona wazi anachokipenda. Kidole gumba chake kina sugu kwa kubonyeza maikrofoni, na sentensi ya mteja huikata kabla haijafika nusu. Mimi huandika ujumbe wangu nyumbani na kuupunguza mara mbili. Bado huniuliza kama hiki ni kitabu.

Juzi, baada ya kungoja asubuhi nzima, zamu yangu ilifika. Ndipo akaingia mama aliyekimbia vita kijijini Luofu. Katika msongamano wa wakimbizi barabarani alimpoteza binti yake, Bénie. Jirani akanisogeza kando kwa kiwiko, kama kiti.

"Mama, hapana kulia, sisikie. Mutoto alivaa nini?"

Akaita kijiji cha Alimbongo. Wachuuzi walikuwa kwenye laini hiyo wakibishana bei ya maharagwe.

"Mutoke kwa ligne. Maharagi hapana kufa."

Mtu wa foni wa kule akaenda kuuliza parokiani, walikopokewa wakimbizi. Tulingoja, mpaka sauti nyembamba ikasema, "Mama?"

Yule mama alilia tu, na kule mtoto naye akalia. Nilingoja jirani awakatize. Alibonyeza, akaachia, akabonyeza tena, ili kila mmoja asikie mwenzake akilia, hadi taa ya betri ikazimika.

Kisha akanigeukia.

"Weye wa vitabu, kesho. Na ufupishe."