Sikio la injini: nilivyopasuliwa kansa ya tundu la sikio bila bedsider

Wakuu, nawasalimu kutoka Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, Zambia.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu miaka mingi. Nacheka na nyuzi zenu, nabishana nanyi kichwani, naondoka. Leo naandika ya kwangu. Sitaongeza chumvi, na ile sehemu ya aibu nitaiweka pia.

Kiswahili changu ni cha Katanga, nilizaliwa ng'ambo, upande wa Congo. Hiki cha kuandika nimejifunza kwenu. Mkikuta "mutu" mahali pa "mtu" msinirukie. Huku kwetu Kiswahili ni cha biashara, watu nyumbani wanaongea Kibemba, donc hata wa kumlalamikia kwa lugha yangu sina.

Kazi yangu ni boti. Napeleka wanunuzi wa samaki visiwani, Chisenga na Kilwa ya huku ziwani, narudi nao na magunia ya chisense, yaani dagaa wetu. Ubavuni imeandikwa MAMA ODETTE, kwa rangi nyekundu. Hilo ni jina la mke wangu. Alishafariki. Odette ni binti yetu, ameolewa Pweto, ng'ambo.

Sasa sikilizeni ujinga wetu madereva wa huku.

Injini iko nyuma, unaishika kwa mkono wa kushoto. Sikio la kushoto ndilo linakula kelele kutwa. Miaka ikipita linakufa. Tunaliita sikio la injini, na tunajivunia, haki ya Mungu! Dereva anayesikia vizuri pande zote mbili tunamwona bado mgeni kazini.

Kwa hiyo langu lilipoanza kuziba nilifurahi. Mwenzangu Ba Mulenga, dereva kama mimi, alinipiga begani: "Ba Shi Odette," yaani Baba Odette, "sasa umekuwa dereva kweli kweli." Tukacheka sana.

Likaanza kuwasha. Likaanza kutoa maji ya njano. Nikasema ni maji ya ziwa. Nikaweka pamba, nikanunua dawa ya matone dukani, nikaendelea na safari zangu. Harufu nilikuwa naisikia, lakini kwenye boti ya samaki nani ataijua?

Siku moja mwezi wa saba natoa pamba, nakuta damu.

Hapo mtu mwenye akili anaenda hospitali. Mimi nikasema nitaenda ziwa likifungwa.

Niwaeleze. Huku kuanzia mwezi wa kumi na mbili serikali inafunga uvuvi, samaki wazaane. Kila kitu chetu kinasubiri huo msimu. Harusi, paa la nyumba, jino bovu, kesi ya ukoo, yote tunasema "ziwa likifungwa". Na mimi nikaiweka damu kwenye foleni hiyo hiyo. Miezi mitano, wakuu. Mwishoni nilikuwa natafuna bukari, yaani ugali, upande mmoja tu, maumivu yanashuka mpaka kwenye taya.

Ziwa likafungwa, nikaenda. Daktari wa hospitali ya hapa alichungulia na kitaa chake. Akachungulia tena. Akasema kuna nyama imeota ndani na hiyo siyo ya dawa za matone. Akaniandikia barua ya kwenda Mansa, hospitali ya mkoa. Mansa wakaniandikia ya Lusaka.

Lusaka walikata kipande wakakipima, wakanipiga CT scan. Majibu yakaja: kansa, iko kwenye tundu lenyewe la sikio, na imeshaanza kugusa mfupa.

Docteur alikuwa mama mmoja mpole, anaongea Kibemba cha mjini. Alinichorea kwenye karatasi. Alisema kansa ya hapo ni ya nadra, ndiyo maana watu wengi wanaichukulia kama usaha wa kawaida na kuchelewa. Dawa yake kubwa ni upasuaji. Hawakwangui, wanatoa tundu zima pamoja na mfupa unaolizunguka, ngoma ya sikio na vile vifupa vidogo vya kusikilia, kama kipande kimoja, ili wasiache mbegu. Wanatoa na tezi ya mate iliyo mbele ya sikio na tezi za shingoni, wapime. Shimo wanaliziba na nyama ya pembeni. Sikio la nje linaweza kubaki, lakini ni la urembo tu, halitasikia tena.

Akaniambia pia neva ya uso inapita pale pale. Uso unaweza kulegea.

Nikamuuliza, nitapona? Akasema hawezi kunipa ahadi. Ikikamatwa mapema, watu wengi wanapona. Ikishaingia ndani sana, au ikiushika uso, kazi inakuwa ngumu. "Wewe uko katikati," akasema. "Ungekuja mwezi wa saba tungekuwa tunaongea mengine."

Hilo neno bado linaniuma kuliko kidonda.

Sasa ile aibu.

Huku Zambia mgonjwa analazwa pamoja na ndugu wa kumhudumia. Wanamwita bedsider. Congo tunasema garde-malade. Ndiye anakuogesha, anakutafutia uji, anamkumbusha nurse. Bila huyo wewe ni mzigo wa wodi.

Mama Odette alipougua, Odette alimuuguza hospitalini miezi minne, mtoto mchanga mgongoni. Alilala sakafuni. Mume wake alikasirika, nyumba yake nusura ivunjike. Siku ya mazishi nilimwangalia nikaona mifupa mitupu, nikaapa moyoni, mtoto huyu hatalala sakafuni tena kwa ajili yangu.

Kwa hiyo sikumwambia. Anapiga kila Jumapili baada ya misa. Nilimwambia niko Lusaka kutafuta injini nyingine.

Nurse akaleta fomu. Ndugu wa karibu? Nikaandika Mama Odette, mke. Namba ya simu? Nikaandika yangu. Bedsider yuko wapi? Nikasema yuko njiani, anatoka ziwani. Kweli, MAMA ODETTE ile ya boti ilikuwa ziwani, imefungwa kwa kamba.

Nikatia sahihi, wakanipeleka.

Upasuaji ulichukua siku nzima. Ulipoisha, nurse akapiga ile namba ili ampe mke wangu habari kwamba niko hai. Simu ikalia kwenye mfuko wangu, chini ya kitanda changu. Akaipiga tena, ikalia tena. Alinieleza mwenyewe nilipoamka. Hakunigombeza. Alivuta kiti akakaa kidogo, kisha akaitwa kwingine.

Wakuu, zile wiki mbili simtakii hata adui. Kidonda kiko kushoto, basi lazima nilalie kulia. Na kulia ndiko kuna sikio langu moja zima. Likizama kwenye mto, dunia inakatika. Saa ya kuona wagonjwa ikifika naona midomo inacheza, watu wanafungua vyombo, wanacheka, na mimi sisikii kitu. Uso ulikuwa umelegea kushoto, jicho halifungi, linatoa machozi lenyewe. Watu walidhani nalia. Siku nyingine nilikuwa nalia kweli, hakuna aliyejua tofauti.

Majibu yalikuwa mazuri. Kingo za walichokata ni safi, tezi ni safi. Kwa sababu ya mfupa walinipa na mionzi, wiki kadhaa, mdomo ukakauka na ngozi ikaungua. Nimerudi Nchelenge. Uso umerudi karibu wote, mdomo bado unavutwa kidogo nikicheka. Naenda kuchunguzwa kila baada ya miezi michache. Docteur anasema miaka hii ya kwanza ndiyo ya kuangalia sana. Mpaka leo haijarudi.

Boti naendesha. Ba Mulenga akiongea kushoto kwangu, simsikii. Akiona hivyo anacheka, "sikio la injini!" Hajui, kovu nalificha chini ya kofia. Mutu yeyote hajui. Odette akipiga video nasema network mbaya.

Nilichojifunza? Sikio likitoa usaha wiki nyingi, likitoa damu, likiuma mpaka taya, usilipe jina la kazi yako. Usisubiri msimu. Nenda wachungulie. Na jambo la pili, nilijidai namhurumia mtoto, kumbe nilikuwa naogopa kumwomba.

Nimewaambia ninyi msionijua sura kabla ya kumwambia yeye. Leo ni Jumapili. Mwenye kunicheka acheke, mwenye ushauri aniandikie, na mwenye sikio linalovuja aseme hapa nimjibu.

UPDATE: Wakuu, nimesoma comments zote, asanteni. Nilimpigia kwa video, nikageuza kichwa, nikamwonyesha kovu.

Alisogea karibu na simu mpaka uso wake ukajaza kioo chote.

Kisha akauliza, "Papa, nani alikuwa garde-malade yako?"

Nikasema, hakuna mutu.

"Papa. Mi niko mutoto wako ao niko mugeni?"

Amesema atavuka Alhamisi na wanunuzi, na check-up ijayo tunaenda wote Lusaka, nikatae nisikatae. Nimetandika kitanda changu kwa ajili yake. Sakafuni nitalala mimi.